Bata Nyuma ya Pazia

Mimi si mtu wa michezo. Nina duka la dawa za mifugo hapa Mukuyuni, nashinda nikibishana na watu juu ya dawa ya kupe, na nikirudi nyumbani nataka chai na kimya. Ile TV game haikuwa yangu. Marehemu mke wangu ndiye aliinunua mji wa Salama, kwa wale wanaopanga vitu vya mtumba kando ya barabara kuu, akamletea binti yetu: mtambo mweusi, pedi mbili za waya, na kaseti moja ya kale. Ndani yake ni wale wanyama wa katuni ambao dunia nzima inawajua, sungura na bata, wakikimbia, wakiruka mashimo na kukanyaga maadui vichwani. Picha zenyewe ni za miraba miraba, jicho la bata ni kidoti tu. Niliilalamikia hiyo kelele mpaka nikachoka.

Mke wangu alipofariki, mama yake alitoka Mutomo akaja kumlea binti. Mama yangu mimi alikuwa ameshatangulia, kwa hivyo hakukuwa na mwingine. Lakini jameni, kukaa boma moja na mama mkwe! Kwetu Wakamba kuna nthoni, yaani ile heshima ya kuepukana. Mwanaume na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Yeye akalala nyumba ya jikoni, kule nyuma, pamoja na binti. Mimi nyumba kubwa. Nikiingia sebuleni kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa wa nyuma. Tukiwa na neno tunampa binti alibebe. "Mwambie baba yako chakula kiko tayari," anasema, na mimi niko hapo hapo upande wa pili wa ukuta nasikia kila kitu. Binti alikuwa anacheka mpaka analia.

Jioni wale wawili walikuwa wanacheza game. Susu, yaani nyanya, na mjukuu wake hawana nthoni, wanataniana vile wanataka. Mama mkwe ni mtu wa kanisa, wa kitambaa kichwani na maombi ya alfajiri, lakini akishika ile pedi, wee! Alikuwa anamgombeza sungura kama mbuzi aliyeingia shambani.

Kisha binti akaenda shule ya bweni, upande wa Kitui. Tukabaki watu wazima wawili katika boma moja, na hakuna wa kubeba maneno. Nikirudi napata muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, umefunikwa mezani, bado una joto, na aliyepika hayupo. Chumvi ikiisha, alikuwa anawaambia kuku. "Nyinyi kuku, chumvi imeisha," anasema kwa sauti, nami nilete chumvi. Utacheka, lakini mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa mpweke, niseme wazi. Nilikuwa nakula nikisikia meno yangu mwenyewe.

Siku moja nilifunga duka mapema, malaria ilikuwa inaninyemelea. Kufika nyumbani nikasikia ile game. Nikachungulia dirishani. Mama mkwe alikuwa peke yake kwenye kochi, pedi mkononi, anamgombeza bata. Binti alikuwa ameiacha kwa mtindo wa watu wawili, na kwa mtindo huo lazima wanyama wote wawili waende pamoja. Mmoja akisimama, picha inakataa kusonga. Sungura wake alikuwa amefika ukingoni mwa TV anapiga mbio pale pale, na bata amesimama nyuma, hana mtu. "Twende, wewe! Twende basi! Una nini?" Sijui alikuwa amejaribu hivyo jioni ngapi. Nikakohoa, maana sikuwa nataka anikute nachungulia kama mwizi. Nilipoingia, mlango wa nyuma ulikuwa unajifunga.

Ile kitu ilinikaa moyoni. Kesho yake nikarudi mapema tena, yeye akiwa kwa kuku. TV yetu iko karibu na mlango wa chumba changu, na mlango wenyewe ni pazia tu. Nikachukua pedi ya pili, nikapitisha waya chini ya pazia, nikakaa sakafuni upande wa ndani, mwanaume mzima na kitambi changu, nikifikiria vile watu wa soko wangeniona. Kwa upenyo nilikuwa naona TV kwa ubavu. Mama mkwe akaingia, akawasha. Sungura akatembea. Nami nikabonyeza, bata akatembea.

Game ikasimama. Niliwaza, nimeharibu, sasa atafunga virago leo leo.

"Aka," akasema. Kisha, "Kumbe wewe bata ulikuwa umelala tu."

Tukaendelea.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Jua likianza kushuka nafunga duka, wateja wanalalamika, napita zangu. Yeye kwenye kochi, mimi nyuma ya pazia, na hakuna nthoni iliyovunjwa, kwa sababu yeye hakuwa anaongea na mimi. Alikuwa anaongea na bata. "Bata, ruka. Si hapo, kichwa maji!" Nami namjibu sungura. Na polepole maneno yakaanza kuhama. "Huyu bata hana nguvu, anakula kweli mchana?" Nikamwambia sungura kwamba dukani hakuna nafasi ya kula. Siku iliyofuata nikapata chakula kimefungwa kwenye kikopo, kimewekwa juu ya kiti cha pikipiki yangu. Siku nyingine aliuliza kama bata bado anaota ndoto mbaya, maana huwa anasikika mpaka jikoni. Nikasema ndiyo. Tangu mazishi hakuna mtu alikuwa ameniuliza hilo.

Kisha shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, akanipigia simu nikiwa dukani. Anakuja Jumamosi na pickup, anamrudisha mama Mutomo. "Mtoto si ameenda shule? Sasa mama anakaa kwa mkwe wake kufanya nini? Watu wanaongea." Mwanaume atasema vipi, niachieni mama mkwe wangu? Nilikasirika nikamfokea mteja bure kabisa. Nikajua kwamba kama kuna wa kumzuia, ni yeye mwenyewe, na kama kuna wa kumwomba, ni mimi, na nina Ijumaa moja tu.

Ijumaa tulicheza vibaya. Tulifika mahali kuna daraja linaloanguka ukichelewa. Sungura akatangulia. Mimi nikaondoa kidole. Bata akasimama, na sungura hakuweza kwenda.

"Bata, twende," akasema.

"Sungura," nikasema. "Usiende. Kaa. Ukienda bata ataongea na nani?"

Daraja likaanguka, ule wimbo wa kushindwa ukalia, na hakuna aliyebonyeza kuanza tena. Nikasikia pedi ikiwekwa mezani. Nikasikia kochi, kisha malapa yakija, si kwa mlango wa nyuma, yanakuja kwangu. Pazia likavutwa.

"Mwanangu," akasema. Si bata. Mimi. "Nisikie, na Mungu anisamehe kusimama hapa. Mimi nikikaa, nakupikia, nakuuliza umelala vipi, na hakuna mwanamke ataingia hii nyumba. Nimeliona hilo kitambo. Ni mimi nilimpigia kijana wangu aje na gari."

Nikasema, "Mama, sitaki mwanamke mwingine."

"Aliyekufa ni mtoto wangu. Wewe hujakufa. Oa."

Hapo nikainua uso, nikamtazama. Miaka yote hiyo, tangu siku ya kupeleka mbuzi za kwanza za mahari, nilikuwa namjua kwa kitambaa chake na kwa mgongo wake ukitoka mlangoni. Uso wake sikuujua. Nilikuwa sijui kwamba ndio ule ule, paji la uso lile lile, hata lile jicho la kushoto linalofumba kidogo akikazana asilie. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chetu, amezeeka, ananiamuru nioe.

"Ndiyo, mama," nikasema. Ningekubali neno lolote angesema, mradi asiliachilie lile pazia.