Sauti Ndani ya Debe

Juzi nilipita kwa jirani yangu hapa Unyambwa, nikakuta ndoo ya plastiki imefunikwa khanga, inanukia mtama uliochacha. Nikakumbuka debe la mama.

Nilipokuwa mdogo tulihamia kijiji cha ujamaa, na mitungi ya mama ya kupikia pombe ikavunjikia kwenye lori. Nyumba yetu mpya haikuwa na paa, mvua zilikaribia, na majirani wasiotujua wasingekuja kuezeka bila pombe. Mama akasugua debe la mafuta ya taa kwa majivu hadi harufu ikaisha, akapikia humo pombe ya mtama, akaichuja kwa kipande cha gunia, akafunika kwa ungo.

"Kaa hapa uiangalie," aliniambia. "Inaongea hiyo. Ikinyamaza, niite."

Mchana ule wa joto niliweka sikio kwenye bati. Ndani mlikuwa na minong'ono laini, kama ya mzee asiye na meno. Leo najua ni kimea kilichokuwa kikichachuka. Siku ile nilijua ni bibi, tuliyemwacha kaburini kule tulikotoka.

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Umefikaje? Huku ni mbali."

Nilipogeuka, mama alikuwa nyuma yangu. Nilidhani atanicheka. Akachota kidogo kwa kibuyu, akamimina polepole chini, mlangoni.

"Karibu, mama," akasema kwa Kinyaturu. "Sasa tunakaa hapa."

Watu walipokuja kuezeka, nilikuwa nimeacha kukiogopa kijiji kile. Niliona tumetimia, bibi naye yumo.