Karatasi ya Mama

Mwalimu amekufa, na nilipopata habari nilifurahi. Nakuambia mapema, rafiki yangu, usije ukanidhania mtu mwema kisha nikakuvunja moyo mbele ya safari.

Nina kibanda changu hapa Amalemba, cha kupiga chapa. Watu huniletea barua na maombi ya kazi, lakini zaidi ya yote huniletea wasifu wa marehemu, ile karatasi ya Kiingereza inayosomwa kaburini. Jumatatu aliingia kijana aliyevaa tai, na mama mzee nyuma yake amejifunga leso mbili. Kijana akaniwekea mezani kurasa nne za mwandiko. "Dada, tupigie hii haraka. Tunazika Jumamosi, huko Lurambi." Nikatazama jina lililo juu. Mama mzee alikuwa ameshaketi kwenye benchi karibu na mlango, mikono magotini, kama mtu anayengoja daktari. Ndipo nikajua ni mjane wa mwalimu.

Zamani tulikaa kando ya njia iendayo Isecheno, mahali ambapo mvua hunyesha kila alasiri na kila mtu anajua aanike nguo lini. Mama alikuwa mfinyanzi. Nikifumba macho bado nasikia harufu ya udongo mbichi na moshi wa majani aliyochomea vyungu. Vikishapoa, alikuwa akivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, sikio karibu. Chungu kizima kilijibu kwa mlio mrefu kama kengele ya shule. Chenye ufa kilisema pu, basi. Hicho alikivunja papo hapo, hata kama mnunuzi amesimama na anakitaka. "Heri nikivunje mimi," alisema, "kuliko kimvunjikie mtu na mboga ya watoto."

Alifariki nikiwa darasa la tatu. Aliugua muda mfupi, akaondoka. Siku hizo kwetu kulikuwa kumeingia desturi kwamba mtu hazikwi bila karatasi ya Kizungu. Aliyekosa karatasi alionekana kama amezikwa bila nguo. Na mwandishi alikuwa mmoja tu, mwalimu. Basi nyanya, ambaye sote tulimwita Kukhu, akachinja ingokho, kuku wake, akasonga obusuma, ugali wa kwetu, akamwita mwalimu nyumbani. Akampa hata firigisi, ile imondo ambayo kwetu hapewi mtu hivi hivi. Ni heshima ya mwenye boma.

Nilikuwa karibu na mafiga nikichambua kunde. Mvua ilipoanza, nyanya akaanza kusema. Alisimulia habari za mama, mwanawe, tangu alipokuwa mtoto anayeiba udongo mtoni. Alisema juu ya vyungu na mlio wao. Alisema jinsi mama alivyocheka akiziba mdomo kwa kiganja chenye matope, na jinsi alivyombeba jirani mwenye uchungu wa kuzaa mpaka barabarani. Alisema mengi, tena mengi. Mwalimu alikuwa akitafuna. Kalamu ililala juu ya daftari.

"Unaandika, mwalimu?" nyanya akauliza.

"Endelea tu, mama. Yote iko kwa kichwa. Nitaipiga kwa Kizungu safi mpaka watu walie."

Mvua ilipokatika ndipo nyanya alinyamaza.

Siku ya mazishi ngoma za isukuti zilinyamaza, mwalimu akasimama na karatasi. Sauti yake ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima hiyo. Nyanya aliketi mbele, na kila aliposikia jina la mwanawe alitikisa kichwa kukubali. Wageni wawili kutoka mjini waliinamisha macho wakatazama viatu vyao. Mmoja alijifunika mdomo kwa kitambaa, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Nilimpenda mtu yule kwa miaka mitatu kwa sababu alimlilia mama yangu.

Baadaye nyanya aliikunja karatasi ile akaitia katika mkebe wa majani ya chai. Akaniambia, "Soma mpaka ujue Kizungu. Siku moja utanisomea."

Hiyo ndiyo sababu nilijifunza Kiingereza. Sikuwa na ndoto nyingine yoyote. Aliyenifundisha alikuwa mwalimu yuleyule. Nilipokosea, alinigonga kichwa kwa chaki na kusema, "Kizungu haiingiangi kwa kichwa ya mtoto wa udongo," na darasa zima likacheka. Nilisoma vipande vya gazeti vilivyofungiwa dagaa wa omena, nikifuta mafuta kwa mkono ili nione herufi. Nilisoma maandishi ya magunia na ya chupa za dawa ya ng'ombe. Darasa la sita nikawa tayari.

Nyanya alikuwa akibambua njugumawe uani. Akanifungulia mkebe kwa mikono miwili.

Karatasi ile ilisema kwamba mama yangu alikuwa karani mwaminifu katika ofisi ya serikali. Kwamba alipenda sana kandanda. Kwamba ameacha mke na watoto sita. Nilipoiinua kwenye jua, niliona mahali jina la mtu mwingine lilipokwanguliwa kwa wembe, na jina la mama likaandikwa juu yake. Nikamkumbuka yule mgeni na kitambaa chake, nikajua alikuwa akifanya nini.

"Soma basi, mjukuu wangu. Ama bado hujajua?"

Mimi si mwongo. Walionijua watakuambia. Lakini siku hiyo niliishika karatasi ya karani yule, macho yakiwa juu ya mistari, nikamsomea nyanya maneno yake mwenyewe, yale niliyoyasikia nikichambua kunde.

"Umeruka hapo pa jirani," akanikatiza.

"Bado sijafika, Kukhu."

Akacheka, akafuta macho kwa mkono wenye maganda. Tangu hapo, kila mavuno ya mahindi mapya alinitolea mkebe, nami nikasoma. Uongo ule nilimbebea mwalimu mpaka nyanya alipozeeka. Mwaka wake wa mwisho alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza polepole, "Mbona siku hizi karatasi imepungua?"

Nilikuwa nimeanza kusahau.

Karatasi ile ninayo. Siku kijana alipokuja ilikuwa katika droo, chini ya kiwiko chake. Na sitakuficha nilichokiwaza. Niliwaza kumwandika baba yake kuwa mfinyanzi hodari, aliyependwa na wanawake wenzake, aliyeacha mume. Kijana alikuwa anashughulika na picha tu, asingesoma. Vidole vyangu vilikuwa vimeshagusa herufi. Kisha nikamtazama yule mama kwenye benchi, asiyejua Kiingereza, akitikisa kichwa kila mwanawe alipotaja jina la marehemu.

Nikapiga kila neno kama lilivyoandikwa, mpaka ukurasa wa tatu. Hapo paliandikwa: aliwaandikia wasiojua kuandika, akawa sauti yao. Niliigonga sentensi ile kama mama alivyogonga chungu. Ikasema pu. Nikaifuta.

Mimi sichapishi wasifu kabla sijausoma kwa lugha ya mwenye msiba. Hiyo ndiyo sheria ya kibanda changu, na wateja wameizoea. Nikamsomea mjane kwa Kiluhya, polepole.

"Ni hayo tu?" akauliza.

"Ni hayo tu, mama."

"Na ni ya kweli?"

"Sasa ni ya kweli."

Jumamosi nilikwenda Lurambi, nikaketi na wanawake. Kijana alisoma. Ukurasa wa tatu ulipofika, pahali pa sentensi ile pakapita kama shimo la barabara lililozibwa. Hakuna aliyegeuka. Nilisikia raha, raha kavu, nikala chakula cha msiba nikashiba.

Lakini njiani kurudi nilijaribu kuhesabu. Nyanya alisema tangu mvua ilipoanza mpaka ilipokatika. Mimi nimebaki na udongo wa mtoni, mlio wa vyungu, kiganja chenye matope na jirani mwenye uchungu. Mambo manne. Mengine yote ningeyashika, rafiki yangu, nilikuwa na kichwa cha kuyashika. Niliyaachia kwa sababu niliambiwa yameandikwa.