Salamu ya Mama Yusta kwenye Memori Kadi

Siku ile naikumbuka mpaka rangi ya kitenge, mwanangu. Kilikuwa cha kijani, chenye picha za funguo. Mama aliyekivaa alikuwa amesimama mbele ya ofisi ya walimu, shuleni kwetu pale Kasulu, mwaka 2013. Mimi nilikuwa mwalimu mbichi kutoka Tanga, nikidhani ustaarabu nimekuja nao kwenye begi, kwa sababu tu nilikuwa na simu ya kugusa. Leo mnaniita bibi kabla sijapata mjukuu. Haya, kaa nikusimulie ujinga wa bibi yako.

Mama yule alikuwa mama yake Yusta, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne. Alikuwa ametoka kijijini kwao, njia ya Kibondo, kuja kuuliza maendeleo ya binti yake. Akakunja magoti, akaanza kupiga makofi polepole, "Mwakeye," akaendelea na Kiha chake, makofi, maneno, makofi tena, huku akinitazama usoni kwa upole. Waha hawakusalimii huku wanapita. Mimi Kiha sikukijua hata neno la kuombea maji. Nikatoa simu, nikajifanya nasoma ujumbe, kumbe namrekodi. Jioni nikaiweka video kwenye ukurasa wangu mtandaoni, juu yake nimeandika: "Salamu moja, kipindi kimekwisha!"

Watu walicheka, mwanangu. Na mimi nilifurahi, sikufichi. Kila aliyecheka alinifanya nijione mcheshi.

Nilichosahau ni kwamba baadhi ya wanafunzi wangu walikuwa marafiki zangu kwenye ukurasa uleule, tena nilikuwa najivunia kwamba mimi ni madamu wa kisasa. Haikupita wiki, video imefika kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, pale karibu na soko. Kijana akienda kuweka Bongo Fleva, anaongezewa na video ya Mama Yusta bure. Yusta akiingia darasani, nyuma wanaanza: pa, pa, pa. Makofi. Mimi nikawafokea, nikawanyang'anya simu wawili, nikawahutubia kuhusu madhara ya mitandao kwa wanafunzi. Hebu fikiria! Chanzo ni mimi, na mhubiri ni mimi. Video nikaifuta kwenye ukurasa, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na memori kadi za watu sikuwa na uwezo wa kuzifuta.

Alhamisi kiti cha Yusta kikawa kitupu. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mtihani wa taifa ulibakiza miezi mitatu, na yule ndiye aliyekuwa akiongoza darasa kwa Baiolojia. Rafiki yake akaniambia amerudi kwao na ameapa harudi shule.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Mwanaidi, muuza vitenge pale mjini. Baba yake alitoka Pangani, lakini yeye kazaliwa hapohapo na Kiha anakizungumza kuliko wenyewe. Nikaenda kumlalamikia habari za watoto wa siku hizi. Akaniuliza video yenyewe iko wapi. Kwenye simu nilikuwa bado ninayo. Akaiweka sikioni kama anasikiliza redio, hakutaka hata kuitazama.

"Unajua anasema nini?"

"Si ananisalimia?"

"Sikiliza. Hapa anakuuliza umeamkaje. Hapa anauliza mama yako huko kwenu kaamkaje, anamwombea uzima. Hapa anasema, umewaacha wazazi wako ukaja kunilelea mwanangu, basi na mimi nakuhesabu mwanangu." Akaniwekea simu mapajani. "Na sisi watu wa pwani salamu zetu fupi? Kwenu si mnaulizana mpaka hali ya kuku? Mbona mama yako hukumrekodi?"

Nilitahayari, mwanangu. Nililia mbele ya wateja wake na sikujali. Mtu ameniombea mama yangu, na mimi nimemfanya kichekesho. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi nilidharau dua.

Jumamosi nikapanda basi la Kibondo, nikashuka njiani, nikachukua bodaboda mpaka kijijini. Mama Yusta alikuwa uani anamenya mihogo. Yusta aliponiona akaingia ndani. Nikakunja magoti, nikapiga makofi, nikatoa ile salamu niliyofundishwa na Bi Mwanaidi usiku kucha, makofi yangu yakienda kombo. Mama akatabasamu.

"Ego," akaitikia kwa Kiha, "karibu, mwalimu. Umekuja kumwona mgonjwa?"

Hapo nikaelewa. Yule mtoto hakumwambia mama yake lolote. Alisema kifua kinambana, na kwa wiki mbili alikuwa akinyweshwa mizizi michungu kila asubuhi, anameza na kunyamaza, ili mama yake asijue kuwa anachekwa.

Ningeweza kusema pole, nikaacha sukari niliyobeba, nikaondoka zangu. Shetani alinishauri hivyo, tena kwa sauti nzuri. Lakini nikakaa chini kwenye maganda ya mihogo nikasema yote.

Mama Yusta akafuta mikono, akaomba aione. Akaitazama mpaka mwisho.

"Kilemba changu kimekaa upande," akasema. Kisha akaniuliza, si kwa hasira, "Sasa hapa wanachocheka ni nini?"

Nikaizima simu, nikaitia mfukoni.

Yusta akatoka ndani analia. "Mama, sikukuonea aibu. Nilitaka usijue."

"Mimi wamenicheka watu wasiojua hata jina langu," mama akamwambia. "Ukiacha shule kwa ajili yao, hapo ndipo nitakuwa nimechekwa. Jumatatu unarudi." Akanigeukia. "Na wewe, mwalimu, wanafunzi uwaambie ni nani aliyepiga hiyo picha."

Jumatatu mstarini nikawaambia, mbele ya mkuu wa shule na walimu wenzangu. Makofi hayakukoma siku hiyohiyo. Yalififia polepole, mpaka wakachoka wenyewe. Yusta alifanya mtihani akafaulu, na leo ni muuguzi.

Lakini siku ya mahafali mama yake alikuja. Nikamwendea mbio, nimeshakunja magoti. Yeye akanitazama mikono kwanza, aone nimeshika nini. Halafu akasema kwa Kiswahili, "Habari, mwalimu," akapita kwenda kukaa.

Alinisamehe, hilo najua, maana baadaye alinitumia maharage zaidi ya mara moja. Ila salamu ile ndefu sikuipata tena. Nimejifunza Kiha, nimeolewa hukuhuku, lakini kwa Mama Yusta nilibaki "Habari, mwalimu" mpaka tulipomzika.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Simu sikukatazi, mitihani ya miaka iliyopita mnaisoma humo, na sisi tuliinakili kwa mkono hadi vidole vikafa ganzi. Lakini mtu akisema usichokielewa, muulize, usimrekodi. Ukiona mwenzako anachekwa kwenye simu, video hiyo iishie kwako. Na ukikosea, usifute tu ukadhani yamekwisha. Nyanyua miguu uende mpaka uani kwa mwenyewe, useme ni mimi. Ulimi hauna mfupa, na kidole cha simu ndiyo kabisa hakijui kujizuia, basi wewe ndiye ukizuie.

Nenda sasa, kengele isikukute njiani. Mungu akupe akili ya darasani na haya ya nyumbani, na kila mama utakayekutana naye akuone unastahili salamu yake yote.