Kengele ya Kisoko

Leo nimeendesha kengele ya kanisa hadi Busia.

Ngojeni niwaeleze. Shimo moja hapo Kisoko lilipasua rimu yangu ya mbele. Nikatoa spea, ikagoma kuingia! Tangu nifunge breki kubwa, rimu ndogo ya spea inagonga breki.

(Nilijaribu spea nyumbani kwanza? Jamani, nani hufanya hivyo?)

Fundi wa tairi akazunguka gari, kisha akainua macho kwenye mti wa kanisa. Pale ilining'inia rimu kubwa ya chuma, ile wanayogonga kuita waumini.

Akaiteremsha, akaivisha tairi langu. Ikaingia kama imezaliwa hapo.

Mama anayetunza kanisa akashika kiuno. "Sasa Jumapili tunaita watu na nini?"

Nikampa spea yangu. Ikatundikwa. Akaigonga mara moja.

Sauti ikapanda taratibu juu ya mihogo, ikakaa hewani. Fundi akavua kofia.

"Hii inaimba kushinda ile," mama akasema.

Nimerudi polepole, mvumo mtamu chini ya miguu. Kila nikikanyaga breki, naona kama watu watatoka nyumbani na Biblia.

Watu wa Busia, mkijikuta mlangoni mmevaa nguo za Jumapili, msinilaumu.