Dawa Iko Sitokini

Ningesema tu apana. Neno fupi kama hilo lilinishinda mzee mzima wa miaka sabini na mbili, na mpaka leo nikikaribia ule ukumbi wa mtaa wetu wa Buyenzi navuka barabara nipite upande wa pili, maana aibu yenyewe bado haijazeeka. Binti yangu Mwajuma aliniuliza vizuri asubuhi ile kama nitaweza kumtafsiria mbele ya watu pale ukumbini, ao amchukue yule nesi kijana aliyekuwa amesimama hapo karibu (na kazi hiyo ndiyo yake, analipwa kwa hiyo), nami nikatoa kifua mbele nikasema Kifaransa nilikisoma sekondari kabla mama wa nesi hajaolewa.

"Sawa, Papa," akasema, "lakini neno usilolijua, uniambie hulijui."

Niwaeleze kwanza nilichokuwa nakitamani. Mama yake alipofariki, Mwajuma alikuwa na miaka saba, mama yake mdogo akamchukua Ubelgiji, na mimi nikakubali kwa sababu nilidhani miaka ni kitu kinachorudi. Alirudi mtu mzima, daktari wa utafiti, na Kiswahili chake kilikuwa pale pale alipokiacha, cha kuomba maji na kukataa kuoga. Tukiwa wawili tulisemezana Kifaransa, changu cha ubaoni, chake cha mbio, na kila mara nilibaki nyuma. Sasa nikaona: yeye atasema, mimi nitasema, maneno yake yatapita kinywani mwangu, na Buyenzi yote itaona kwamba huyu na baba yake wanaelewana.

Yeye alikuwa anatafuta wazee wa kukubali kutolewa damu kidogo, ajue kwa nini mwili wa mtu mmoja unakumbuka ugonjwa uliompata zamani na kuupiga mara moja ukirudi, na wa mwingine unasahau. Wakikubali watu wa kutosha, kazi ingekaa Bujumbura miaka mingi na yeye angekaa nayo. Alikwisha kuona nyumba mtaa wa Gihosha, kule juu. Kulikuwa na chumba kinachotazama uani, akaniambia hicho chako.

Nilianza vizuri, wallahi. Nikasema ndani ya damu kuna askari, ugonjwa ukiingia wanazaliana, vita vikiisha wengi wanakufa, na wachache wanabaki wakiijua sura ya adui. Watu wakatikisa vichwa. Ndipo Mwajuma akasema kwamba kumbukumbu hiyo inategemea kitu ambacho shuleni sikukisikia hata siku moja: sitokini.

Sasa mimi, kabla ya kustaafu, miaka thelathini nilikuwa mtunza sitoki, yaani ghala, wa mfanyabiashara wa vipuri kule mtaa wa maduka wa Asiatique, mteja akitaka bolti, belti, pampu ya maji, jibu langu lilikuwa moja, iko sitokini. Kulisikia neno langu kinywani mwa binti yangu daktari, nilifurahi kama mtu aliyeitwa jina ugenini, wala sikujiuliza mara mbili. Nikawageukia watu nikasema, "Dawa ya kumbukumbu ipo. Iko sitokini."

Na Mwajuma, masikini, akasikia "sitokini" akatabasamu, akadhani baba amelishika neno la kisayansi lilivyo.

Bibi Zaina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akauliza hiyo sitoki iko wapi, maana yeye anasahau mpaka majina ya wajukuu. Sauti moja ikatoka nyuma: "Bibi, usimupe bwana yako, atakumbuka alitaka kuoa wa pili." Watu wakacheka, nami kwa raha ya kicheko kile nikajibu mwenyewe bila kumwuliza binti yangu (hapo ndipo shimo lilipokuwa), nikasema iko kwenye kituo chao cha Gihosha, waende kesho.

Kesho yake wakaenda. Wazee wa Buyenzi wenye fimbo na kanzu safi walipanda mpaka Gihosha, nami nikiwaongoza, na mlinzi, kwa kuwaheshimu, akawafungulia chumba cha vifaa. Ndani mlikuwa na makatoni ya vichupa vya kutilia damu, vyote vitupu. Bibi Zaina akainua kimoja juani, akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Baba Mwajuma, we ni mutu wa sitoki. Kitu kikikosa, unasemaka nini?"

Alikuwa ananipa mlango. Ningesema nimekosea tafsiri, wangenicheka, tungerudi nyumbani. Lakini mdomo wangu wa miaka thelathini ukajibu wenyewe:

"Labda imeisha jana."

"Imepanda Kiriri," akasema mzee mmoja polepole, na wote wakaelewa: dawa wamepewa wakubwa wanaokaa mtaa huo, sisi tumeachiwa vichupa tutoe damu. Mwajuma akatoka ofisini akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanakushukuru. Yule nesi alikuwa nyuma yake, akainama akamwambia ukweli sikioni.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa baada ya swala nilisimama nikakiri mbele ya watu. Walicheka, Bibi Zaina akanishika mkono, lakini lile neno la Kiriri lilikuwa limeshaota mizizi, damu hakutoa hata mmoja, na kazi ikahamishiwa nchi nyingine. Siku moja kabla ya kuondoka, Mwajuma aliketi nami uani, akanieleza kwa Kifaransa cha taratibu ambacho sikujua anakiweza. Sitokini ni ujumbe, Papa, vitu vidogo ambavyo chembe za mwili zinatumiana. Mwingine unasema pigana, mwingine unasema baki, bado unahitajika, na askari asiyepata ujumbe wa namna hiyo, hata awe anamkumbuka adui vipi, anafifia na kutoweka. Safari hii nilielewa kila neno. Neno "baki" nilikuwa nalo kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kirundi, na sikulisema kwa lugha yoyote.

Siku hizi nisichokijua nasema sijui, hata kwa mtoto wa shule anayeniuliza hesabu. Lakini nyumba ya Gihosha wamepanga watu wengine. Mwajuma ananipigia simu Jumapili, kwa mbio, na mimi nasema ndiyo, ndiyo. Nilitaka kuonekana siku moja nasikilizana na mwanangu, na hilo lilinigharimu miaka yote ambayo angeishi karibu nami.