Ghala Nililolichafua

Baba mkwe wangu aliomba kitambaa chenye maji. Hadi leo nikikumbuka ombi hilo masikio yananiwaka moto, ingawa mzee alikuwa na nia njema kabisa. Mwenye makosa sebuleni mle alikuwa mmoja tu, naye ndiye anayeandika haya.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, mzaliwa wa magharibi, niliyeletwa Nyeri na barua ya uhamisho nikaoa huku huku. Chumba cha nyuma cha nyumba tunayopanga mjini kina reli. Ni reli ndogo, behewa lake unaweza kulifumbata kwa vidole, nayo inazunguka juu ya mlango wa zamani nilioulaza kwenye madawati mawili. Nilikulia karibu na stesheni, na njia ya Nanyuki ilipofufuliwa nikaanza kwenda Kiganjo Jumamosi kuangalia treni ikipita, mtu mzima na tai yake shingoni. Walimu wenzangu wanasema ninajenga nyumba za panya. Wacha waseme.

Treni niliinunua, lakini majengo najenga mwenyewe kuanzia mwanzo. Boksi la biskuti, lililobandikwa karatasi ya kaki kufunika maandishi, ndilo ukuta. Matofali nayachora moja moja kwa kalamu ya biki iliyokwisha wino, nikikandamiza ili mistari ya saruji izame, na ukuta wa urefu wa kiganja unaweza kunila wiki mbili. Mabati ni karatasi ya foili niliyoibonyeza juu ya kitana. Vioo vya madirisha ni plastiki inayokuja na shati jipya.

Raha yenyewe huja mwisho. Jengo likishasimama huwa safi mno, linaonekana la uongo, kwa hiyo nalizeesha. Neno hilo nilijitungia mwenyewe, na nilikuwa nikilitamka kwa maringo. Nazeesha kwa majani ya chai ya Tetu niliyoyachemsha hadi yakawa meusi, kwa masizi ya jiko, kwa kutu niliyoipata kwa kuloweka stilwulu ya kusugulia sufuria ndani ya siki, na kwa udongo niliouchekecha kupitia soksi ya mke wangu bila ruhusa yake. Kila rangi niliipa jina katika daftari: masizi ya mvua, kutu ya msumari, kuvu ya chini ya bomba, na nyinginezo. Zilifika kumi na moja. Mke wangu alilisoma siku moja akaniuliza kama naumwa.

Sasa, kule Sagana, kando ya reli, kuna ghala kuukuu la kahawa lililojengwa kwa matofali. Limefungwa miaka mingi. Paa limebonyea, vioo vimevunjika, mtini umeota ndani ya mfereji wa maji ya mvua, na ukuta wa mbele una ufa kuanzia dirishani hadi chini. Nilipoliona mara ya kwanza nilisimama pale nikitabasamu peke yangu. Nilikuwa nimepata uchafu wa kila aina mahali pamoja.

Baba mkwe alilitunza ghala hilo kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi siku alipopewa barua ya kwenda nyumbani. Anaishi Kagio. Ni mtu wa maneno machache, anayepiga pasi hata shati la shamba, na tangu nimwoe binti yake alikuwa akiniita “mwalimu” tu. Mume wa dada mkubwa wa mke wangu, mfanyabiashara wa mchele, mzee humwita “muthoni wakwa”, yaani mkwe wangu. Mimi, mwalimu. Niliumia, sitaficha. Mke wangu alinieleza kwamba kwa Kikuyu neno hilo la mkwe linatokana na thoni, na thoni ni aibu, ile aibu ya heshima inayomfanya mtu achunge ulimi na macho akiwa mbele ya wakwe. “Baba anaona wewe hauna thoni,” akasema akicheka. “Unaongea sana.” Nilicheka pia. Sikucheka rohoni.

Ndipo nikaamua kumjengea ghala lake. Hilo ndilo lingekuwa jibu langu: mzee angeona jengo la maisha yake likiwa juu ya meza, angenyamaza kwa mshangao, kisha angeniita jina ninalolitaka. Nilikwenda Sagana mara nne na simu yangu. Nilipiga picha za kila doa. Nilipima ufa kwa rula. Katika safari hizo zote nilikuwa mwendo mfupi tu kutoka kwa mtu aliyelijua ghala lile kuliko binadamu yeyote, na sikuenda kumuuliza hata swali moja. Nilitaka iwe sapraizi.

Mke wangu alinionya. Alisimama mlangoni akaniangalia nikibandika mti kwenye mfereji, kijitawi kikavu cha ukubwa wa njiti ya kiberiti, akasema, “Baba hapendi kuona hiyo store. Tukienda Nairobi anakaa upande ile ingine ya gari. Mpelekee kitu ingine.”

“Hii ni sanaa,” nikamwambia.

“Haya, sanaa.”

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi huwasomea watoto methali hiyo kila muhula.

Tulikwenda Kagio Jumapili moja baada ya kanisa. Chakula kilikuwa kimeliwa, na sebuleni walikuwapo mama mkwe, mume wa dada mkubwa na mkewe, na wazee wawili wa kanisa waliokuja kunywa chai. Niliweka boksi mezani, nikasimama, nikakohoa kidogo kama mgeni wa heshima, nikalifunua.

Mzee alivaa miwani. Aliinama polepole hadi pua yake ikakaribia paa. Alilitambua papo hapo, nililiona hilo usoni pake, nami nikaanza kulisubiri jina langu. Alihesabu milango kwa kidole bila kuigusa. Kisha akageuka, akamwambia mkewe kwa sauti ya upole, “Imeshika vumbi kwa barabara. Niretee kitambaa, uroweshe kidogo.”

Mama mkwe alikileta. Mzee akakikamua vizuri, akakikunja pembe, akaanza kupangusa ukuta wa mbele. Alipangusa taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Wiki tatu za masizi yangu zikaanza kuhamia kwenye kitambaa.

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye thoni angenyamaza.

“Hapana, Baba, hiyo si vumbi!” Nilisema kwa sauti ya darasani. “Mimi ndiye nimeichafua.”

Mkono wake ukasimama. “Umeichafua?”

“Ndiyo. Makusudi. Hiyo ndiyo kazi ngumu yenyewe.”

Alinitazama, akautazama mti kwenye mfereji. “Na hii mti?”

“Nimeupanda mimi.”

Mume wa dada mkubwa aliangalia kikombe chake. Mzee aliketi. “Kila mwaka kabla ya mvua nirikuwa napanda ngazi,” akasema. “Hiyo mfereji nirikuwa natoa majani na mkono yangu. Madirisha naosha Ijumaa. Hakuna siku mtu arikuja akaona hiyo nyumba chafu. Hakuna.” Halafu akauliza, na hakuwa ananigombeza, alitaka kujua kweli: “Mwalimu, nirikukosea nini?”

Hapo ndipo nilipopaswa kuomba msamaha. Lakini mimi nina hasira za karibu, na ubishi ndio kazi yangu. Niliona wazee wa kanisa wakinitazama, niliona kazi yangu ikiwa imelowa, nikasema: “Lakini Baba, ndivyo ilivyo sasa. Nenda Sagana ukajionee.”

Mzee alivua miwani akaitia mfukoni mwa shati lililopigwa pasi. Mama mkwe aliuliza nani anataka chai zaidi, na hakuna aliyetaka. Nilitamani ardhi inimeze mimi na boksi langu. Ghala tuliliacha pale pale mezani. Njiani kurudi Nyeri mke wangu aligeuzia uso dirishani, na afadhali angenitukana.

Nilikaa miezi miwili bila kuingia chumba cha nyuma. Nikiwa mbele ya darasa, nikifundisha jinsi mvua na upepo zinavyomomonyoa miamba, neno “kuzeesha” lilinijia nikaona haya mbele ya ubao. Kumbe nilichokuwa nikikiita ufundi ni kuorodhesha kila kitu ambacho mzee yule aliondoa kwa mikono kwa miaka thelathini, nikakirudisha, nikampelekea mbele ya wageni wake.

Hatimaye nilikwenda Kagio peke yangu, bila boksi, nikiwa na mkate na majani ya chai tu. Mzee alinipokea kama kawaida, akaniambia niketi. Ghala lilikuwa juu ya kabati la televisheni. Mti haukuwapo. Kuvu ya chini ya bomba haikuwapo. Ukuta wa mbele ulikuwa umesuguliwa na kusuguliwa hadi matofali yote yakatoka, na chini yake yakabaki maandishi ya boksi, makubwa, ya buluu: BISKUTI ZA MAZIWA.

“Nimejaribu kuosha,” akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi. “Nirienda porepore, na kitambaa raini. Rakini imeharibika, mwalimu. Pole. Najua uritumia siku nyingi.”

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Nilikuwa nimejizoeza hotuba yangu tangu Karatina, nikaiacha. Nilitazama sakafu, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, na nikakaa hivyo hadi mama mkwe alipoleta chai.

Kisha nikauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. “Baba, ilikuwa rangi gani?”

“Store?” Alicheka kidogo, kana kwamba nimeuliza rangi ya maziwa. “Si ni nyekundu. Nyekundu tu, yote.”

Nilitoa daftari mfukoni kuandika. Ukurasa ulifunguka kwenye orodha yangu ya rangi kumi na moja, nami nikaisoma kutoka juu hadi chini huku mzee akisubiri. Nyekundu haikuwamo.