Feni Niliyoinyamazisha kwa Ajili ya Mwende

Mkitaka kunicheka, chekeni. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo pale Kariokor, kompyuta zilipoanza kufukuza taipureta. Mwende, niliyempenda bila kumwambia, aliketi meza ya pili akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Feni ya kompyuta yangu ilinguruma kama kinu cha kusagia unga wa posho, nikawa nasikia nusu tu ya kila ubeti.

Rafiki yangu fundi alinipa disketi yenye programu ya kupunguza kasi ya feni. Nikaipunguza, nikaipunguza tena, hadi ikakaribia kusimama. Asubuhi nzima nilimsikiliza Mwende, moyo ukiniuma kwa raha, wala sikukumbuka kuhifadhi kazi.

Saa sita kompyuta ilipata joto kali ikazimika, na katiba ya kikundi cha akina mama wa Pumwani niliyokuwa nikiichapa ikapotea, nao tayari walikuwa mlangoni kuichukua.

“Nani amechezea hii feni?” mdosi wetu, mwenye ofisi, akauliza.

“Ni mimi. Nilitaka kumsikia Mwende akiimba.”

 Mwende akageuza kiti chake kunielekea.

“Si ungeniambia tu niongeze sauti, Otieno,” akasema.